Mzizi Hujisimamisha Wenyewe

Mkulima akikuita uone mahindi yaliyodumaa, atakuonyesha majani. Upande wa Uasin Gishu, Kenya, nilikokulia, majani hayo huanza kuwa na zambarau kwenye kingo wiki chache baada ya kupanda. Mwenye shamba husema udongo umechoka. Msimu unaofuata huongeza mbolea ya kupandia, na zambarau hurudi palepale. Mimi nimeshinda na mizizi ya mahindi kwa miaka mingi, kwanza nikiwa fundi wa maabara, baadaye mwanafunzi wa uzamili, na siku hizi mtu ambaye majirani humwita aje na jembe, achimbe, aangalie. Kuna jambo moja ambalo kazi hii imenifundisha polepole, na ndilo ninaloliandikia. Mzizi ukikutana na alumini kwenye udongo mchachu, huwa haufi kwanza. Husimama kwanza, na sehemu kubwa ya kinachousimamisha ni homoni za mmea wenyewe.

Alumini yenyewe si mgeni shambani. Ni kama asilimia 8 ya ganda la dunia. Ni oksijeni na silikoni tu zinazoizidi. Imefungwa ndani ya chembe za udongo wa mfinyanzi, na pH ya udongo, yaani kipimo ambacho hushuka uchachu ukizidi, ikiwa nzuri haimsumbui mtu. Taabu huanza pH ikishuka chini ya 5.5, na ikifika chini ya 5 alumini huyeyuka kwa wingi na kuwa ioni, yaani chembe yenye chaji, hapa chaji tatu chanya, ambayo ndiyo inayoumiza mizizi. Kikemia, pH ikishuka kwa pointi moja, kiasi cha ioni hiyo kinachoweza kuyeyuka huongezeka hadi mara 1,000. Ndiyo maana shamba lenye pH 5.4 na shamba lenye pH 4.6 ni mashamba mawili tofauti kabisa, hata kama yametenganishwa na ua tu.

Udongo wa aina hii umeenea karibu asilimia 30 ya ardhi ya dunia isiyo na barafu. Kwa Kenya, hesabu ambayo wataalamu wetu wa udongo wameitumia kwa miaka ni asilimia 13 ya nchi, yaani hekta zipatazo milioni 7.5, na sehemu kubwa iko kwenye nyanda zenye mvua, zile zile zinazolisha nchi. Mvua huosha kalisi na magnesi, madini yanayozuia uchachu. Mavuno nayo huziondoa kwa njia yake. Halafu kuna DAP, mbolea tuliyoipenda kuliko zote: amonia iliyomo ndani yake, bakteria wa udongo wanapoigeuza kuwa naitreti, huacha hidrojeni nyuma, na hidrojeni ndiyo asidi yenyewe. Kwa hiyo yule anayeongeza mbolea hiyo kila mwaka ili kufuta zambarau anausogeza udongo karibu zaidi na alumini. Zambarau ni dalili ya njaa ya fosforasi, na mzizi mfupi hauwezi kuifikia fosforasi hata ikiwekwa gunia zima.

Kipimo nilichoanza nacho maabara hakina mafumbo. Unaotesha mbegu kwenye karatasi yenye unyevu, unachagua miche ambayo mizizi yake imenyooka na kulingana, unaining'iniza kwenye maji yenye virutubisho, unapima mzizi wa kwanza kwa rula. Kisha unatia alumini na kuiacha hadi kesho yake, halafu unapima tena. Ugumu wote uko kwenye maji. pH inatakiwa ikae karibu na 4, na mizizi yenyewe huielekeza juu au chini kadiri inavyofyonza virutubisho, kwa hiyo unaipima asubuhi, mchana na usiku. Ikipanda, alumini huganda na kutulia chini ya ndoo, mizizi hukua vizuri, na mtu asiye makini ataandika kwamba mbegu ile ni shupavu. Fosfeti ikizidi nayo huikamata alumini, na utadanganyika vilevile. Tena lazima kuwe na ndoo ya pili yenye pH hiyo hiyo lakini bila alumini, kwa sababu asidi peke yake inaumiza mzizi, na bila ndoo hiyo huwezi kutenganisha makosa ya hidrojeni na makosa ya alumini. Msimamizi wangu hakukubali tarakimu yoyote isiyokuwa na ndoo hiyo pembeni yake, na mimi nimebaki hivyo hivyo hadi leo.

Baada ya kupima urefu tunatia hematoksilini, rangi inayotokana na mti, ambayo tangu mwaka 1978 imetumiwa kuchuja ngano kwa njia hii. Ncha iliyofyonza alumini hukolea zambarau inayokaribia buluu. Ncha ya mbegu inayostahimili hubaki karibu nyeupe. Napenda sana kipimo hiki. Mkulima yeyote anaweza kuinama juu ya sahani na kuona tofauti bila kuelezwa chochote.

Lakini kilichonifanya nianze kufikiria homoni ni saa. Mzizi wa mahindi uliotiwa kwenye alumini hupunguza mwendo ndani ya saa ya kwanza hivi. Ukiutazama kwa hadubini wakati huo, seli nyingi za ncha bado ni hai. Ukiuondoa mapema na kuurudisha kwenye maji safi, na dozi haikuwa kali, huanza tena kurefuka. Kuna hata vipimo vya ngano vilivyojengwa juu ya jambo hilo, ambavyo mzizi huadhibiwa kwa muda mfupi kisha hupimwa jinsi unavyoinuka. Kama ingekuwa sumu inayochoma tu, mzizi usingerudi.

Kisha kuna mahali. Nyuma ya kofia ya mzizi kuna eneo ambalo seli bado zinagawanyika. Mbele zaidi, kuelekea shina, kuna eneo ambalo seli hurefuka haraka na kuusukuma mzizi ndani ya udongo. Katikati ya hayo mawili kuna eneo dogo la mpito, na kwenye mahindi sehemu inayoumia zaidi ni ile iliyo milimita 1 hadi 2 tu kutoka kwenye ncha. Watafiti wa Hannover, Ujerumani, walionyesha hili mwaka 1998 na 2000 kwa ustadi ambao bado unanistaajabisha. Walipaka alumini kwenye kipande kimoja cha mzizi kwa wakati mmoja. Walipoipaka kwenye eneo la kurefuka, mzizi uliendelea karibu kama kawaida. Walipoipaka kwenye ile milimita ya mpito pekee, eneo la kurefuka, ambalo halikuguswa na alumini hata kidogo, likapunguza kasi.

Niliposoma hayo niliurudia ukurasa ule tena na tena. Seli ambazo hazijaonja sumu zinasimama kwa sababu jirani zao wameionja. Hapo lazima kuna ujumbe uliopita, na kwenye mzizi ujumbe wa namna hiyo hubebwa na homoni. Walioifuatilia waliikuta oksini. Kwa kawaida oksini hushuka hadi kwenye ncha, halafu hugeuka na kupanda kupitia tabaka za nje hadi eneo la kurefuka, ikizielekeza seli zirefuke kiasi gani. Alumini ikiwa kwenye eneo la mpito, safari hiyo ya kupanda huzuiwa. Walipoipaka oksini moja kwa moja kwenye eneo la kurefuka la mahindi dhaifu, mzizi ulirudisha sehemu ya mwendo wake.

Ningependa hadithi iishie hapo, kwa sababu inaeleweka. Haiishii. Utafiti mwingi wa homoni hufanywa kwenye Arabidopsis, kijimea cha ukoo mmoja na sukuma wiki, ambacho hakuna anayekila lakini jeni zake zinajulikana kuliko za mmea wowote. Humo mfuatano ni mwingine. Alumini ikifika, mzizi hutengeneza ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi zilizofunikwa. Ethilini huamsha jeni za kutengeneza oksini papo hapo kwenye eneo la mpito, mojawapo ikiitwa TAA1. Oksini hujaa mahali hapo kupita kiasi, na kwenye mzizi oksini ikizidi huzuia urefukaji. Mimea iliyozaliwa na kasoro kwenye jeni za kupokea ethilini, ikitiwa kwenye alumini hiyo hiyo, huzuiwa kidogo kuliko wenzake. Hayo yalitoka kwenye tafiti za 2010 na 2014, na ushahidi wake ni mzito.

Basi mahindi yanatuambia oksini imepungua, na Arabidopsis inatuambia imezidi. Nilipokuwa mwanafunzi nilisikia watu wakibishana kana kwamba mmoja lazima awe mwongo. Mimi naona wanapima vyumba viwili vya nyumba moja. Oksini ikikwama kwenye eneo la mpito, itazidi hapo na itapungua huko mbele, na hata majaribio ya mahindi yalionyesha dalili za mrundikano nyuma ya kizuizi. Hata hivyo sipendi kulazimisha mimea hiyo miwili ikubaliane. Suala la ethilini, kwa mfano, halikutokea vizuri kwenye mahindi: wapo waliopima gesi hiyo kwenye mizizi ya mahindi katika saa za kwanza za alumini wasiione ikiongezeka. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba alumini husimamisha mizizi kwa ethilini, swali langu la kwanza ni mzizi wa nini. Swali hilo limeniokolea muda mwingi.

Homoni nyingine zimo pia. Kwenye maharage saitokinini hupanda mzizi unapopata alumini. Asidi ya jasmoniki huongeza kizuizi kwenye Arabidopsis. Asidi ya absisiki, ambayo wengi wetu tuliifahamu kama homoni ya ukame, huonekana kwenye soya ikienda pamoja na kutolewa kwa asidi ya sitriki kwenye udongo, na asidi ya salisiliki imeonyeshwa kufanya kazi inayofanana na hiyo kwenye mimea mingine ya jamii ya kunde.

Asidi hizo zinazotolewa na mizizi ndizo kinga halisi. Mzizi unaostahimili hufungua milango kwenye ncha yake na kumwaga asidi nje. Asidi huikumbatia ioni ya alumini kabla haijaingia, na alumini iliyokumbatiwa hivyo haina madhara makubwa. Ngano hutumia asidi ya maliki, mtama na mahindi hutumia ya sitriki. Jeni ya mlango wa ngano, TaALMT1, ilitambuliwa mwaka 2004, na ya mtama, SbMATE, mwaka 2007. Hii ya mtama inatuhusu kwa karibu, maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi walifanya kazi na wenzao wa Cornell, Marekani, na wa Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la Brazil, kutafuta mtama na mahindi ya kustahimili mashamba yetu. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba baadhi ya mahindi shupavu yana nakala tatu za jeni ya mlango huo, MATE1, badala ya moja, na kwamba mistari hiyo ya mbegu inatoka maeneo ya tropiki yenye udongo mchachu sana. Wakulima wa zamani wa maeneo hayo walichagua mbegu kwa macho yao, mavuno baada ya mavuno, na chaguo lao likaandikika hadi kwenye jeni.

Ajabu ni kwamba homoni za kusimamisha mzizi zinaigusa na kinga hii. Kwenye ngano, ethilini ikipanda, asidi ya maliki inayomwagwa hupungua. Kwenye soya oksini huchangia kuongeza utoaji wa asidi ya sitriki. Ujumbe unaofunga njia moja unaweza kufungua nyingine. Ndiyo maana nikisikia mtu anataka kuongeza homoni fulani tu ili kutatua tatizo, hunijia wasiwasi.

Wasiwasi huo una historia. Msimu mmoja jirani yetu, mama mwenye ekari chache za mahindi na maharage, alinijia na kichupa alichouziwa duka la agroveti. "Mwanangu, wamesema hii ni homoni ya mizizi. Nikinyunyiza, mahindi yatashuka chini." Nilisoma kibandiko. Ilikuwa oksini ya aina inayotumika kuotesha mizizi ya vipandikizi, na kwa kazi hiyo ni dawa nzuri kabisa. Wenye vitalu vya maua na miti huitumia kila siku. Lakini kipandikizi hakina mzizi, kinahitaji kuanza mmoja. Mahindi yake yalikuwa na mizizi iliyokwisha kusimama, na kumwagia mzizi wa namna hiyo oksini zaidi kunaweza kuusimamisha zaidi. Na hata kama ningekuwa na dawa ya kuuzuia ule ujumbe, kama zile chumvi za fedha na kobalti zinazotumiwa maabara kuziba ethilini, alumini ingebaki kwenye udongo ikiendelea kuingia kwenye kuta za seli. Nilimwambia hivyo, bila majina ya kemia: "Mama, mzizi umesimama kwa sababu umeonja kitu kibaya. Tukiondoa kile kitu, utaenda wenyewe." Aliniuliza kitu hicho kinaondolewaje, tukaenda kuchimba.

Tulichokuta ndicho ninachokikuta karibu kila mahali pH iko chini. Mizizi mifupi, minene isivyo kawaida, imepinda, ya kahawia kwenye ncha, na ile midogo ya pembeni ni michache na imekauka kama vigutu. Sentimita chache chini ya hapo udongo ulikuwa na unyevu ambao hakuna mzizi ulioufikia. Mvua ikikatika wiki mbili, mahindi kama hayo hunyauka yakiwa juu ya maji. Wengi huliita ukame, na kwenye ripoti huandikwa ukame.

Ukitaka kuona hili kwako, chimba mapema, mahindi yakiwa na wiki mbili au tatu. Chimba, using'oe, kwa sababu ncha hukatikia udongoni na ncha ndiyo unayoitafuta. Osha kwa maji taratibu. Chukua udongo wa juu, na uchukue pia wa chini, sentimita 20 hadi 40, upeleke kupimwa kila mmoja peke yake. Mashamba mengi niliyoyapima yana juu inayovumilika na chini mbaya.

Chokaa ya kilimo ndiyo tiba ya kwanza. Kwetu nyingi hutoka Koru, na kinachoumiza ni gharama ya lori kuliko ya chokaa, kwa kuwa shamba lililochakaa linaweza kutaka tani kadhaa kwa hekta. Itawanywe na kuchanganywa na udongo kabla ya kupanda. Ikiachwa juu hukaa juu. Hata ikichanganywa vizuri hushuka chini polepole sana, miaka na miaka, na tabaka la chini hubaki na alumini yake. Samadi na mboji husaidia kwa njia nyingine, maana viumbe-hai vilivyooza hutoa asidi zinazoikumbatia alumini kama zile za mizizi. Fosfeti ya Minjingu kutoka Tanzania huyeyuka vizuri kwenye udongo mchachu na inakuja na kalisi yake. Na kwa mbolea ya kukuzia, CAN, ambayo ina kalisi ndani yake, haileti asidi kama urea. Lakini kwa lile tabaka la chini hakuna lori litakalofika. Kule lazima uende mzizi wenyewe ukiwa na kinga, yaani mbegu.

Ukipanda kuelekea Nandi Hills utaona majani chai yamestawi kwenye udongo ambao mahindi yangelia. Chai huijaza alumini kwenye majani yake ya zamani bila kudhurika, na mizizi yake hukua vizuri zaidi ikiwepo. Ioni ni ile ile, milima ni ile ile, na mzizi wa chai unapokea habari tofauti kabisa. Huwaonyesha wanafunzi wanaonitembelea mpaka ule wa chai na mahindi kabla sijawafundisha jina la homoni yoyote.

Kuhusu mbegu nina ombi, na nimelitoa kwenye kila mkutano wa wakulima nilioalikwa. Mfuko wa mbegu ya mahindi dukani unakuambia mwinuko unaoifaa, siku za kukomaa, hata magonjwa inayoyahimili. Kwenye mifuko niliyoisoma sijaona mstari wa asidi wala alumini, wakati kipimo chake ni cha siku chache, vyombo vyake ni ndoo, rula na kipima pH, na rangi yake inapatikana. Mkulima wa pH 4.7 ana haki ya kujua kama mzizi wa mbegu anayoilipia utasimama.

Kwa sasa, kabla ya Machi, majirani huniletea konzi ya mbegu wanayopanga kupanda, nami huiweka kwenye ndoo zangu mbili na kuwarudishia picha za ncha zilizotiwa rangi. Mwaka huu wameanza kuleta na maharage. Hayo nayapima kwenye pH 4.5 badala ya 4, kwa sababu mizizi ya maharage huumizwa haraka na asidi yenyewe, na mimi nataka kuona alumini inafanya nini.